Maili 38 kwa saa, miezi sita bila leseni: pointi za udereva Uingereza zinavyofanya kazi

Julai 2025 mahakama ya High Wycombe, kaskazini-magharibi mwa London, ilimfungia mwigizaji Emma Watson kuendesha gari kwa miezi sita. Kosa lililomfikisha hapo lilikuwa kwenda maili 38 kwa saa katika barabara moja ya mjini Oxford yenye kikomo cha maili 30. Kwa kilomita zetu hiyo ni 61 mahali panaporuhusu 48. Siku hiyohiyo mahakama hiyohiyo ilitoa adhabu ileile kwa mwigizaji mwingine, Zoë Wanamaker, aliyekuwa akienda maili 46 penye kikomo cha 40. Kila mmoja akatakiwa kulipa pauni 1,044. Kwa mtu aliyezoea kuona dereva wa Dar anapigwa tochi, analipa faini yake ya shilingi 30,000 na kuendelea na safari, habari hii haiingii akilini. Nusu mwaka kwa mwendo wa bajaji?

Ukweli ni kwamba mwendo wa siku ile, peke yake, usingemfungia mtu leseni. Ungemletea pointi tatu tu. Lakini wote wawili walikuwa na pointi tisa tangu zamani, na tisa ukijumlisha tatu unapata kumi na mbili. Sheria ya Uingereza inabana hapo. Haya yanawahusu ndugu zetu wengi walioko kule, hasa waliohamia miaka ya karibuni kwa kazi ya kutunza wazee, wanaoshinda barabarani kutoka nyumba ya mgonjwa mmoja hadi ya mwingine. Yanawahusu pia ndugu wa huku nyumbani wanaopokea simu kwamba "leseni imefutwa" wasijue imefutwaje wala na nani.

Tuanze na pointi yenyewe. Ni alama ya kosa inayoandikwa kwenye rekodi yako ya udereva, na rekodi hiyo inatunzwa na DVLA, mamlaka ya leseni yenye makao yake Swansea, Wales. Haionekani kwenye kadi ya plastiki unayotembea nayo. Iko kwenye kompyuta, na unaweza kuiangalia mwenyewe mtandaoni. Ifikirie kama daftari la madeni la Mangi dukani. Kila deni linaandikwa na tarehe yake, Mangi hagombi ukichukua sukari leo na mafuta ya taa kesho, lakini jumla ikifika kiwango alichoweka, kiberiti kimoja tu kinatosha kukufungia daftari. Kiwango cha Uingereza ni pointi 12 ndani ya miaka mitatu. Miaka hiyo huhesabiwa kati ya tarehe za makosa, wala si tarehe ya kufika mahakamani. Kwa makosa ya mwendo, pointi huonekana kwenye rekodi kwa miaka minne, ingawa katika hesabu ya 12 zinatumika kwa miaka mitatu tu.

Pia hazichagui aina ya kosa. Mei 2019 David Beckham alifungiwa miezi sita baada ya kuonekana akishika simu huku akiendesha. Simu ilimletea pointi sita, na alikuwa na sita nyingine za mwendo kutoka nyuma.

Na vipimo navyo vinawachanganya wageni. Barabara za huko zinahesabiwa kwa maili: 20 ni kilomita 32, 30 ni 48, na 70 ya barabara kuu za njia nyingi ni karibu 113. Wales ilishusha kikomo cha kawaida katika maeneo ya makazi kutoka 30 hadi 20 mnamo Septemba 2023. Aliyezoea kilomita 50 za mjini Dodoma atajiona anatambaa, na kamera haitamhurumia kwa hilo.

Kamera haina mazungumzo

Nyumbani tochi ina mtu nyuma yake. Trafiki anakusimamisha, anakuonyesha namba, mnajadiliana, na pengine leseni yako inakaa mfukoni mwake kwa muda. Uingereza mara nyingi hakuna anayekusimamisha. Kamera inapiga picha, wewe unafika ulikokuwa unakwenda, unalala, na siku kadhaa baadaye barua inaingia kwa yule ambaye jina lake limo kwenye kadi ya gari. Barua inasema mambo mawili: kwamba kuna kusudio la kushtaki, na kwamba utaje nani alikuwa kwenye usukani. Una siku 28 za kujibu.

Kwa maoni yangu watu wetu wanaumizwa na barua hii kuliko wanavyoumizwa na mwendo. Kutojibu ni kosa linalojitegemea, chini ya kifungu cha 172 cha Sheria ya Barabara ya mwaka 1988, na adhabu yake ni pointi sita pamoja na faini inayoweza kufika pauni 1,000. Pointi sita, kwa jambo ambalo lingemalizika kwa tatu, au kwa kozi isiyo na pointi kabisa. Wengi hawakatai kujibu, barua haiwafikii. Mtu amehama chumba Luton amekwenda Leicester, amewaarifu benki na mwajiri, akasahau kadi ya gari. Barua zinarundikana mlangoni kwa mpangaji mwingine, kesi inasikilizwa bila yeye, na habari anaipata siku anapofanya upya bima. Kuacha kubadili anwani kwenye kadi hiyo nako kuna faini yake, hadi pauni 1,000.

Likikukuta hilo, usikae kulilia. Sheria inaruhusu kula kiapo rasmi kwamba hukujua kuwa kuna kesi. Ukiapa ndani ya siku 21 tangu ulipopata habari, hukumu ile inaondolewa na kesi inaanza upya. Kiapo cha uongo, bila shaka, ni kosa kubwa zaidi.

Kuna imani moja imeenea kwamba barua ikichelewa zaidi ya siku 14, umepona. Ina ukweli wake, na Beckham ndiye aliyeitangaza: mwaka 2018 aliponyoka shtaka la kwenda maili 59 penye kikomo cha 40 kwa sababu taarifa ilifika siku moja nje ya muda. Lakini siku 14 zinahusu barua ya kwanza, ile inayokwenda kwa mwenye kadi. Kama gari ni la kampuni unayofanyia kazi au la kukodi, barua ya kwanza inakwenda kwao, wao wanakutaja, na yako inaweza kukufikia baada ya mwezi na bado ikawa halali. Kama gari lako lina anwani ya zamani, polisi wametimiza wajibu wao kwa kutuma huko. Na kama ni askari mwenyewe aliyekusimamisha akakuonya papo hapo, hahitaji kukuandikia barua hiyo.

Baada ya kukiri kuwa ulikuwa wewe, yanayofuata yanategemea ulizidisha kiasi gani. Waliozidisha kidogo huweza kupewa kozi ya mwendo salama: unalipa ada, unakaa darasani au mbele ya kompyuta saa chache, na pointi hazipo. Si haki yako, ni hiari ya polisi, na ukiipata huipati tena kwa kosa la ndani ya miaka mitatu. Wanaofuata hupewa faini ya pauni 100 na pointi tatu. Waliozidisha sana wanaitwa mahakamani, na huko faini inapimwa kwa kipato chako cha wiki, mwisho pauni 1,000, au 2,500 kwenye zile barabara kuu za njia nyingi.

Utasikia pia watu wakisema kwamba unaruhusiwa kuzidisha asilimia 10 na maili mbili juu. Hakuna ruhusa kama hiyo. Wakuu wa polisi wana mwongozo kwamba, kwa kawaida, penye 30 hatua zianze kwenye 35. Ni mwongozo wa matumizi ya nguvu kazi yao, nao wana hiari ya kuanza chini ya hapo. Kosa kisheria limetimia kwenye 31.

Kufungiwa si kufutiwa

Mtu anaweza kupoteza haki ya kuendesha kwa njia tatu, na zikichanganywa ndipo ushauri wa mitaani unapomwingiza mtu shimoni.

Ya kwanza ni kufungiwa na mahakama kwa kosa moja, kwa sababu lenyewe ni zito. Penye kikomo cha maili 30, mwendo wa hadi 40 kwa kawaida ni pointi tatu. Kati ya 41 na 50, mahakimu wanachagua kati ya pointi nne hadi sita au kufungia kwa siku 7 hadi 28. Kuanzia 51, ni pointi sita au siku 7 hadi 56. Penye kikomo cha 70, mahakimu huanza kufikiria kufungia kwenye 91. Dereva mwenye rekodi safi kabisa anaweza kukumbwa na hili.

Ya pili ni ile ya Watson na Beckham, ya kujaza pointi 12. Hapo muda wa chini ni miezi sita. Kama ulishafungiwa siku 56 au zaidi katika miaka mitatu iliyotangulia, unakuwa mwaka mmoja. Kama ni mara mbili, miaka miwili.

Ya tatu haiwahusu mahakimu kabisa, nayo ndiyo ningependa kila mgeni aliyefika juzi aijue kabla hajanunua gari. Kuna Sheria ya Madereva Wapya ya mwaka 1995. Ukishafaulu mtihani wa udereva wa Uingereza kwa mara ya kwanza, kwa miaka miwili wewe ni dereva mpya, na kiwango chako ni pointi sita badala ya 12. Zikifika sita, DVLA inafuta leseni. Hakuna kikao, hakuna kujieleza, barua tu inakuja kutoka Swansea.

Sasa tazama inavyowapata watu wetu. Leseni za Kenya, Tanzania na Uganda hazimo kwenye orodha ya zile zinazobadilishwa moja kwa moja kuwa za Uingereza, tofauti na za Afrika Kusini au Zimbabwe. Ukihamia huko unaweza kuitumia ya nyumbani kwa miezi 12. Baada ya hapo lazima ufanye mtihani wao, wa nadharia na wa barabarani. Kwa hiyo mama aliyeendesha daladala Mbagala miaka ishirini, au mzee aliyepeleka malori Malaba hadi Kampala, siku anapofaulu mtihani wa Coventry anahesabiwa sawa na kijana wa miaka 17. Makosa mawili ya kamera, ya pointi tatu tatu, yanatosha. Simu mkononi mara moja inatosha, maana ni pointi sita na pauni 200. Barua moja isiyojibiwa inatosha. Na kinachoangaliwa ni tarehe ya kosa: ukikosea mwezi wa 23 na kesi ikaisha mwezi wa 27, bado umo. Hata pointi ulizopata ukiwa bado mwanafunzi, kama muda wake haujapita, zinajumlishwa.

Tofauti ya kimatendo ni hii. Aliyefutiwa anarudi kuwa mwanafunzi: anaomba leseni ya kujifunzia, anabandika alama ya L, anaendesha akiwa na msimamizi anayestahili na bima inayofaa, kisha anafanya mitihani yote miwili upya. Anaweza kufanya hivyo mara moja, kesho yake akitaka. Aliyefungiwa hawezi kuendesha hata hatua moja, awe na msimamizi au asiwe naye. Ndiyo maana wapo mawakili wanaomwombea dereva mpya aliyefika mahakamani kwa kosa kubwa afungiwe siku chache badala ya kuandikiwa pointi sita: kufungiwa siku 21 kunauma, lakini leseni inarudi bila mtihani. Mahakimu si lazima wakubali.

Je, ukisema utapoteza kazi?

Kwa pointi 12 kuna utetezi mmoja wa maana, nao ni kuonyesha kwamba kufungiwa kutaleta ugumu usio wa kawaida. Neno zito hapo ni "usio wa kawaida". Mwongozo wa mahakama unasema wazi kwamba watu wengi hupoteza kazi wakifungiwa, na kwa hiyo kupoteza kazi peke yake si sababu ya kutosha. Kinachosikilizwa zaidi ni madhara kwa watu wasio na hatia: mzee anayehitaji kuhudumiwa saa kumi na mbili asubuhi kijijini ambako basi halipiti, mtoto mgonjwa anayepelekwa hospitali kila wiki na hakuna mwingine wa kumpeleka. Unatoa ushahidi kwa kiapo, unaulizwa maswali, na unahitaji karatasi: barua ya mwajiri, ratiba ya zamu, ratiba ya mabasi. Wanaofanya kazi ya kutunza wazee wana hoja hapa kuliko wanavyodhani, lakini hoja isiyo na karatasi ni malalamiko. Na sababu iliyokuokoa leo huwezi kuitumia tena ndani ya miaka mitatu. Kumbuka pia kwamba utetezi huu haupo kwa dereva mpya anayefutiwa na DVLA.

Kwa kuwa hukumu ya kufungia inaanza palepale inapotamkwa, usiende mahakamani na gari ukitegemea kulirudisha mwenyewe.

Kuna njia ya mkato inayozungumzwa chini chini: kumtaja shemeji au mwenzako wa chumba kuwa ndiye aliyekuwa anaendesha, kwa kuwa yeye hana pointi. Mwanasiasa mmoja wa Uingereza, aliyekuja kuwa waziri, alifanya hivyo. Machi 2003 kamera ilimnasa Chris Huhne kwenye barabara ya M11, Essex, na mkewe, Vicky Pryce, akazibeba pointi zake. Ndoa ilipovunjika miaka kadhaa baadaye, siri ikatoka. Huhne alijiuzulu uwaziri mwaka 2012, na Machi 2013 wote wawili wakahukumiwa kifungo cha miezi minane kila mmoja kwa kupotosha mkondo wa haki. Kwa mtu aliyeko huko kwa viza, hukumu ya jela ina uzito ambao Huhne hakuwa nao.

Na wale wa miezi 12 ya mwanzo, wanaotumia leseni ya nyumbani, wasijidanganye kwamba hakuna pa kuandika pointi zao. DVLA humfungulia mtu rekodi hata kama leseni yake imetolewa Nairobi, na mahakama inaweza kumfungia kuendesha Uingereza. Haiwezi kuifuta leseni ya Kenya. Akija likizo Mombasa ataendesha. Akirudi Manchester, haendeshi.

Kuendesha ukiwa umefungiwa ni kosa linaloweza kukupeleka jela hadi miezi sita, na gari linaweza kuchukuliwa. Hapa wengi hawajui kuhusu zile skuta za umeme za kusimama: kisheria ni chombo cha moto, kwa hiyo aliyefungiwa leseni akiipanda barabarani anatenda kosa lilelile. Baiskeli ya kawaida haina shida, na ya umeme inayotimiza masharti ya nguvu na mwendo pia.

Muda ukiisha, kama ulifungiwa chini ya siku 56, leseni yako inarudi yenyewe na unaendelea. Kama ni siku 56 au zaidi, lazima uombe leseni mpya. DVLA hutuma fomu ya ukumbusho siku 56 kabla ya mwisho, kwa anwani waliyo nayo. Aliyefungiwa kwa kujaza pointi 12 anaanza na rekodi iliyofutwa pointi zile. Aliyefungiwa siku chache kwa kosa moja hana bahati hiyo: pointi zake za zamani zinabaki palepale. Dereva mpya aliyefutiwa naye anarudi na pointi zake, ila akishafaulu mtihani wa pili hawekwi tena kwenye ile miaka miwili, kwa hiyo kiwango chake sasa ni 12 kama wengine.

Linalobaki ni bima. Kampuni nyingi huuliza makosa ya miaka mitano, ambayo ni zaidi ya muda wa pointi zenyewe, na bei hupanda, mara nyingine kiasi cha kumfanya mtu auze gari. Wapo wanaojibu "hapana" wakitumaini haitagunduliwa. Kampuni ikigundua inaweza kuibatilisha bima hiyo, na kuendesha bila bima ni pauni 300 na pointi sita.